Mpima Nyufa

Miaka kumi na tisa nililishwa na nyufa.
Nilikuwa na kurunzi, kadi yenye mistari,
na seti ya bamba ishirini za chuma, nyembamba kama ganda la kitunguu,
za kupenyeza ukutani na kusoma upana.
Huku Groningen walifyonza gesi chini ya malisho
hata ardhi ikabonyea, taratibu, kama mkate uliotolewa mapema jikoni,
na nyumba za matofali zikapasuka madirishani, zikapasuka mabegani.
Nami nikipita na penseli: tarehe, milimita, sahihi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa.
Hakuna aliyetuambia itakuwaje
ukuta ukijiziba wenyewe.

Sasa wamejenga upya. Zege jipya lina chembe
ndogo hivi kwamba ukiupasua unywele mara elfu
kipande utakachobaki nacho, kwao ni gogo.
Mvua ikipenya, chembe huamka,
hutema chokaa, hushikana mikono usiku kucha,
na asubuhi ukuta ni mzima, hauna habari.
Vioo hujitia kiza jua likikaza. Paa hutoa jasho.
Mimi hulipwa kwa saa kuandika
sifuri, sifuri, sifuri.

Novemba, mvua ya ubavu, nikafika kwa Wiepkje Hoeksema,
nyumba ya mwisho kabla ya tuta la bahari.
Kahawa. Biskuti moja, mkebe ukafungwa.
"Ukuta wangu unaumwa," akasema.
Nikaupima. Sifuri.
"Ndio huo ugonjwa."

Akanipeleka kando ya mlango wa jikoni.
Katika nyumba ile ya kwanza, plasta ilikuwa na chale kumi na moja
alizozikata kwa kisu cha kumenyea viazi
kila tarehe tatu Machi: visigino ukutani, kitabu utosini,
na Douwe akijinyanyua kwa vidole, akiiba nusu sentimita.
Kabla ya tingatinga kuja alizinakili zote
kwenye utepe wa mshonaji,
na alipohamia humu akazichanja upya.
Usiku uleule ukuta ukazila.
Akachanja tena. Ukazila.
Majira mazima ya joto walishinda hivyo,
yeye mchana, ukuta usiku,
na meno ya kisu yakaisha.

Sikuuliza kwa nini chale ni kumi na moja tu.
Juu ya ile ya mwisho, mita moja na sentimita thelathini na nane,
ukuta uliendelea mweupe mpaka darini.

Nikaanza kumweleza, maana nalipwa kueleza:
chembe hazijui jeraha wala maandishi,
kwao kila mkwaruzo ni kidonda,
kampuni haikukusudia...
"Basi haujawahi kulea," akasema,
akautazama ukuta kama mtu anavyomtazama
mfanyakazi kijana, mchapakazi, asiyefaa.

Nikafungua mkoba.

Ufa wenye kitu ndani haufungi. Hukizunguka tu,
kama mti unavyoumeza waya wa uzio.
Ndiyo maana somo letu la kwanza, siku ya kwanza, lilikuwa:
usisahau kifaa ndani ya ufa.

Nilisahau kumi na moja.

Yeye alisoma utepe, akachanja; mimi nikapenyeza.
Themanini na moja. Themanini na tisa. Tisini na tano na nusu,
"hapa aliiba," akasema, na mkono wake haukutetemeka.
Kahawa ilipoa. Kioo cha dirisha kilijitia kiza kidogo,
kisha kikajirudi: lilikuwa wingu tu limepisha jua.

Kwenye gari, injini ikiunguruma, nikajaza fomu.
Nyufa: kumi na moja.
Upana: sehemu ya kumi ya milimita.
Pendekezo: zisizibwe.

Seti yangu imebaki na bamba tisa.
Kwa kazi iliyobaki, zinatosha.